Mgonjwa Anapoitwa Kusaidia Katika Mtihani wa Madaktari

SOMO LA KIKUNDI



Katika vijiji na mitaa yetu tunao watu wengi wanaoishi na magonjwa ya muda mrefu. Kuna mama ambaye moyo wake uliharibika tangu utotoni, mzee ambaye wengu limevimba, kijana ambaye mguu mmoja umepoteza nguvu. Watu hawa wanaijua njia ya kwenda kliniki kama wanavyoijua njia ya kwenda kisimani. Siku moja wanaweza kuambiwa na sista wa kliniki, au kupigiwa simu: "Wiki ijayo tuna mtihani wa madaktari. Tungependa uje utusaidie."

Wengine hukubali papo hapo bila kuuliza hata neno moja. Wengine huogopa, wakafikiri wanakwenda kufanyiwa majaribio ya dawa, na wako walioacha hata kliniki yao ya kawaida ili wasiitwe tena. Hao wote, aliyekubali na aliyekimbia, wamekosa kitu kimoja tu, nacho ni habari. Ndiposa tumeandaa somo hili.

Baada ya kusoma na kujadiliana, kila mmoja wetu aweze:

(a) kueleza kwa nini madaktari hupimwa mbele ya wagonjwa wa kweli;
(b) kueleza mtihani huo unavyoendeshwa;
(c) kujua haki za mgonjwa anayejitolea, na maswali ya kuuliza kabla ya kusema ndiyo au la.

1. KWA NINI MTIHANI UWE NA MGONJWA?

Mtu anaweza kusoma vitabu vyote vinavyohusu moyo na bado asijue kuusikiliza. Anaweza kuandika kurasa kumi juu ya ini lililovimba, lakini mkono wake ukipita juu ya tumbo usilipate. Udaktari ni kazi ya kichwa, lakini pia ni kazi ya mikono, macho na masikio. Tena ni kazi ya ulimi, maana daktari asiyejua kuuliza vizuri hatapata jibu la maana.

Chuo cha Makerere kule Uganda kilianza kufundisha utabibu mwaka wa 1924, na kwa miaka mingi vijana wa Kenya walisomea huko. Hapa kwetu kitivo cha udaktari kilianzishwa Nairobi mwaka wa 1967. Baadaye Eldoret ikafuata, na leo vyuo vinavyofundisha udaktari ni vingi. Katika vyuo hivi vyote mwanafunzi hutoka darasani akaingia wodini, na mwalimu wake mkubwa huko ni mgonjwa. Akimaliza masomo na mitihani anafanya kazi mwaka mmoja chini ya uangalizi kabla ya kuachiwa afanye kazi peke yake. Akitaka kuwa daktari bingwa anarudi kusoma kwa miaka kadhaa na kufanya mitihani mingine. Madaktari wa upasuaji wa nchi zetu wanacho chuo chao cha pamoja cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka wa 1999, chenye ofisi kuu Arusha. Nacho hakitoi cheti cha ubingwa kwa karatasi ya maswali peke yake, bali mtu hupimwa pia kwa mdomo na kwa vitendo.

Je, haiwezekani kutumia sanamu, au watu wazima wa afya wanaoigiza ugonjwa? Inawezekana kwa mambo fulani. Mwaka wa 1963, huko Los Angeles, Marekani, daktari wa mishipa ya fahamu aitwaye Howard Barrows alimfundisha mtu mwenye afya kuigiza mgonjwa aliyepooza, ili wanafunzi wapimwe kwake. Watu wengi walimcheka wakati huo. Leo wagonjwa wa kuigiza wanatumika nchi nyingi, hasa kupima jinsi daktari anavyoongea na mtu, kwa mfano anavyomweleza mama habari mbaya.

Lakini hakuna anayeweza kuigiza mlango wa moyo unaovuja. Sauti ile haiigizwi. Wala mtu hawezi kuigiza wengu lililovimba mpaka kitovuni, au mapafu yenye maji. Sanamu nayo haioni haya, haichoki, haisemi "hapo panauma, daktari." Kwa hivyo mpaka leo yako mambo ambayo ni mgonjwa wa kweli tu anayeweza kuyaonyesha, na anapokubali kuja anatoa kitu ambacho pesa haiwezi kununua dukani.

2. MTIHANI UNAVYOENDESHWA

Tuelewane kwanza juu ya majina. Yule anayepimwa tutamwita mtahiniwa. Yule mkubwa anayempima ni mtahini. Mtahiniwa ndiye anayetafuta alama. Mgonjwa hapimwi akili wala hapewi alama yoyote.

Kuna namna tatu zinazojulikana sana.

Ya kwanza ni kesi ndefu. Mtahiniwa anaachwa na mgonjwa mmoja kwa muda mrefu, pengine karibu saa nzima. Anamuuliza habari za ugonjwa tangu ulipoanza, habari za nyumbani, kazi, chakula, dawa. Halafu anampima mwili mzima. Baadaye watahini wanamuuliza mtahiniwa amegundua nini na angefanya nini.

Ya pili ni kesi fupi. Hapa mtahiniwa anaambiwa jambo moja tu, kama vile "Pima tumbo la mzee huyu," na watahini wanasimama hapo hapo wakitazama. Ni dakika chache, kisha anakwenda kwa mgonjwa mwingine.

Ya tatu ni mtihani wa vituo. Huu ulibuniwa Dundee, Uskoti, na Ronald Harden na wenzake, wakautangaza mwaka wa 1975. Vyumba au vitanda vinapangwa kwa mzunguko, kengele inalia, na kila mtahiniwa anahamia kituo kinachofuata. Uzuri wake ni kwamba wote wanapata maswali yale yale na wagonjwa wale wale, kwa hivyo hakuna wa kusema mwenzake alibahatika.

Tuchukue mfano mmoja unaojulikana sana, ule mtihani wa vitendo wa vyuo vya kifalme vya madaktari vya Uingereza, ambao ulianza kwa mtindo wa vituo mwaka wa 2001. Watahiniwa 5 wanazunguka vituo 5, na katika kituo cha kupima mwili wanapewa dakika 10 kwa kila mgonjwa. Kwa hivyo mgonjwa mmoja anaweza kupimwa na watu 5 ndani ya saa mbili hivi. Kila kituo kina watahini wawili, na kila mmoja anatoa alama zake bila kushauriana na mwenzake. Kabla ya watahiniwa kuingia, watahini wenyewe wanampima mgonjwa kwanza ili wakubaliane ni dalili gani zinazoonekana siku hiyo.

Katika mtihani huo kuna jambo ambalo ningetaka kila mgonjwa alijue. Mambo yanayotolewa alama ni saba, na moja kati ya hayo ni jinsi mtahiniwa anavyomtunza mgonjwa: asimuumize, amwekee heshima, amfunike. Mtahiniwa asiyefikisha kiwango katika jambo hilo hafaulu, hata kama ametaja jina la ugonjwa sawasawa. Tena katika mtihani huo hakuna ruhusa ya kumpima mgonjwa matiti wala sehemu za siri.

3. WAGONJWA WENYEWE WANASEMA NINI?

Katika kazi yangu ya kutembelea wagonjwa manyumbani nimeongea na watu kadhaa walioitwa kwenye mitihani ya namna hii. Hawakusema jambo moja, na ni vizuri tuwasikilize wote.

Furaha ya kuwa na faida

Wengi walifurahi. Mtu aliyeugua miaka mingi huzoea kuonekana kama mzigo: anapelekwa, ananunuliwa dawa, anahurumiwa. Siku ya mtihani mambo yanageuka. Yeye ndiye anayehitajiwa. Mama mmoja mwenye ugonjwa wa moyo aliniambia, "Siku hiyo hata wale wakubwa walinishukuru. Nikajiona mimi pia ni mwalimu." Mwingine alisema anaporudi kliniki huwakuta madaktari vijana wanaomkumbuka, na wanamsalimia kwa jina.

Muda wa kusikilizwa

Kliniki zetu zina watu wengi, na mgonjwa anaweza kungoja tangu alfajiri ili aonwe kwa dakika tano. Katika kesi ndefu anapata mtu anayekaa chini na kumuuliza kila kitu. Mzee mmoja alisema kwamba katika miaka yote ya ugonjwa wake hakuna aliyewahi kumuuliza analala vipi usiku, mpaka siku ya mtihani.

Uchovu na maumivu

Sasa upande wa pili. Tumbo likibonyezwa na mtu mmoja si kitu. Likibonyezwa na mtu wa sita ni maneno mengine. Watahiniwa wengi wana wasiwasi, mikono yao ni baridi, wengine wanasahau kuuliza kama panauma. Mwenye ugonjwa wa mapafu akiambiwa vuta pumzi, toa, vuta tena, mara nyingi mfululizo, kichwa kinazunguka.

Njaa na dawa

Hili ni jambo la hatari, na watu hulichukulia kama dogo. Mgonjwa mmoja wa kisukari alitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri bila kula, akidhani atapimwa damu. Hakuna aliyemwambia ale. Hospitali aliyokwenda ikamweka kwenye benchi mpaka saa saba mchana, sukari ikashuka, akaanza kutetemeka na kutoka jasho. Kama si mgonjwa mwenzake aliyekuwa na chai yenye sukari, pengine tungekuwa tunasimulia habari nyingine. Mtihani si sababu ya kuacha kula wala kuacha dawa, ila kama daktari wako mwenyewe amekuagiza hivyo.

Kusikia jina la ugonjwa kwa mara ya kwanza

Hili ndilo liliwaumiza watu kuliko kubonyezwa. Watahini na mtahiniwa wanaongea Kiingereza juu ya kitanda kana kwamba aliyelala hapo hasikii. Mama mmoja aliyesoma mpaka darasa la nane alisikia neno "kansa" likitajwa mara tatu. Yeye alikuwa ameambiwa ana uvimbe tu. Alirudi nyumbani, akakaa siku nne bila kumwambia mtu, akianza kugawa vitu vyake. Alipopelekwa tena kwa daktari wake ilieleweka kwamba mtahini alikuwa akimuuliza kijana yule ni magonjwa gani yanayoweza kufanana na lile lake. Yeye hakuwa na kansa. Lakini siku zile nne, nani atamrudishia?

4. JE, NIMNONG'ONEZEE?

Hapa ndipo penye mvutano mkubwa, na ningeomba kikundi chenu kisipite haraka.

Mgonjwa wa mtihani kwa kawaida huambiwa asitaje jina la ugonjwa wake. Sasa anakuja kijana, rika la mtoto wake. Jasho linamtoka, mikono inatetemeka. Wakati wa kesi ndefu watahini wako nje. Kijana anamtazama na kuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, kwani waliwahi kukuambia una ugonjwa gani?"

Mgonjwa anajua jibu. Anajua pia kwamba wazazi wa kijana huyu pengine waliuza shamba ili asome. Je, akimsaidia amefanya kosa gani?

Wengine wanasema hakuna kosa, ni huruma tu. Kuna wanaosema hata zaidi: kama daktari ameuliza na mgonjwa anajua, mbona amfiche? Katika kliniki ya kawaida si tungemwambia?

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Katika matibabu ya kawaida mwambie daktari kila kitu unachojua, hata ukidhani hakina maana. Kuficha huko kunaweza kukuua. Lakini mtihani si matibabu. Lengo lake ni kujua kama kijana huyu anaweza kugundua ugonjwa kwa mikono na masikio yake, bila kuambiwa. Ukimpa jina, watahini wataona amefaulu na kumbe hawajamwona kabisa. Atatoka na cheti, atapelekwa kwenye hospitali ya mbali ambako yeye ndiye daktari wa pekee usiku. Ataletewa mtoto wa miaka miwili ambaye hawezi kusema ana nini. Mtoto yule hana la kunong'ona.

Kwa hivyo, ushauri wetu ni huu. Eleza kwa ukweli kila unachohisi: lini ulianza, panauma wapi, unameza dawa gani kama umeruhusiwa kutaja. Usidanganye, usizidishe, usiigize maumivu ambayo hayapo. Ukiulizwa jina la ugonjwa, jibu kwa upole, "Nimeambiwa nisiseme, mwanangu. Nipime tu, usiogope." Maneno hayo machache yamewatuliza vijana wengi. Na akianguka mtihani, usijilaumu. Ataurudia. Wewe hukumwangusha.

5. HIARI NI HIARI

Kujitolea maana yake ni kwamba mtu amejua anachoitiwa, na anaweza kukataa bila kupata hasara. Kikikosekana kimoja, hiyo si hiari tena.

Tatizo letu ni kwamba anayeomba na anayeombwa hawako sawa. Anayeomba ndiye anayeandika dawa, ndiye anayetoa kitanda. Mgonjwa anafikiri, "Nikikataa, siku nyingine watanitazama vibaya." Hata kama hakuna aliyemtisha, hofu iko. Kwa hivyo ni wajibu wa anayeomba kuiondoa hofu hiyo kwa kusema waziwazi: ukikataa, matibabu yako yatabaki yale yale.

Sheria za nchi yetu zinamlinda mgonjwa katika jambo hili. Tuzitaje kwa ufupi:

• Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 28, inasema kila mtu ana heshima yake ya kibinadamu ambayo lazima ilindwe. Kifungu cha 31 kinalinda faragha, na Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kupata huduma za afya.

• Mkataba wa haki za wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka wa 2013 unaeleza haki za mgonjwa na pia wajibu wake.

• Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe mambo yake, inapowezekana kwa lugha anayoielewa, na inataka kibali chake pamoja na kutunza siri zake. Inampa pia nafasi ya kulalamika.

• Sheria ya mwaka wa 2006 inayohusu virusi vya Ukimwi inakataza kutangaza hali ya mtu bila kibali chake.

• Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa habari nyeti. Kwa hivyo picha ya kidonda chako kwenye simu ya mtahiniwa si jambo dogo. Asipige picha bila ruhusa yako.

Na nauli je? Kuna watu wanaosema mgonjwa akipewa pesa basi amenunuliwa. Tutofautishe. Kumrudishia mtu nauli ya matatu, kumpa chai na chakula cha mchana, na kumfidia siku ya kibarua aliyoipoteza, hiyo ni haki na adabu. Lakini pesa isiwe nyingi kiasi cha kumfanya mtu aliye taabani afiche kwamba leo hajisikii vizuri, ili tu asiikose.

6. MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUKUBALI

Yaandikeni kwenye karatasi kubwa, myabandike ukutani pale mnapokutana:

1. Ni mtihani wa nani? Wanafunzi, au madaktari wanaotafuta ubingwa?
2. Watakaonipima watakuwa wangapi, na kwa muda gani?
3. Ni sehemu gani ya mwili itakayopimwa? Nitavua nguo gani?
4. Nitapata mapumziko lini?
5. Nile kabla ya kuja? Dawa zangu nizimeze kama kawaida?
6. Nauli na chakula vikoje? Nitarudi nyumbani saa ngapi?
7. Naweza kuja na mtu wangu? Na mimi kama mwanamke, kutakuwa na mwanamke mwingine chumbani?
8. Nikichoka katikati, nimwambie nani?
9. Nikisikia jambo nisilolielewa, nani atanieleza kabla sijaondoka?

Kwa mtoto, mzazi ndiye anayeulizwa, lakini mtoto mwenyewe akilia na kukataa asilazimishwe. Mtihani utapata mgonjwa mwingine.

7. SIKU YENYEWE

Beba dawa zako na kitambulisho. Vaa nguo rahisi kufungua na kufunga, na ubebe leso au shuka ya kujifunika. Ukiwa na kisukari beba kitu cha kula. Fika mapema, na umjue kwa jina yule aliyepewa kazi ya kuwatunza wagonjwa.

Mtahiniwa akikuumiza, sema "Unaniumiza." Usiogope kwamba unaharibu mtihani. Watahini wanahitaji kujua hilo, maana daktari anayeumiza mtu mbele ya wakubwa wake atafanyaje akiwa peke yake? Ukichoka kabisa, inua mkono na useme unataka kupumzika. Una haki ya kuacha hata katikati.

Kabla ya kuondoka, uliza kila kilichokutia wasiwasi. Usirudi nacho nyumbani.

8. WAJIBU WA HOSPITALI NA WA JAMII

Hospitali inayoita wagonjwa iweke mtu mmoja wa kuwaangalia, siyo yule yule anayepiga kengele na kupanga karatasi. Iweke viti, maji ya kunywa, choo cha karibu na mahali pa kulala. Wagonjwa wenye dalili zinazofanana wawe wawili au zaidi ili wapokezane. Watahini wakitaka kujadili magonjwa mengine, watoke kando ya kitanda, au wamwambie mgonjwa kwanza kwamba wanauliza maswali ya kitabu. Mwisho wa siku awepo daktari wa kuongea na kila mgonjwa, hata kwa dakika tatu. Na neno la asante lisisahauliwe, maana halina gharama.

Sisi jamii nasi tusiwacheke walioitwa, wala tusiseme wameuza miili yao. Tumsindikize mgonjwa asiyejua kusoma. Na kama mtu alidhulumiwa, tumsaidie kupeleka malalamiko kwanza kwa mkuu wa hospitali, na ikishindikana, kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya.

9. IGIZO FUPI

Watu wawili wasimame mbele na kuigiza. Wengine wasikilize, wakihesabu ni maswali mangapi ya sehemu ya 6 yaliyojibiwa.

SISTA: Habari ya asubuhi, mzee?

MZEE: Nzuri, sista. Watoto wako hawajambo?

SISTA: Hawajambo, mzee. Nina ombi, lakini ujue kwanza kwamba unaweza kukataa, na kliniki yako itaendelea vile vile. Jumatano tuna mtihani wa madaktari wanaosomea ubingwa. Tungependa wasikilize moyo wako.

MZEE: Watanidunga sindano?

SISTA: Hapana. Hakuna sindano wala dawa mpya. Watasikiliza kifua na kushika mishipa ya mkono. Watakuwa wanne, kila mmoja dakika kumi, na baada ya wawili utapumzika.

MZEE: Nije bila kula?

SISTA: Kula, mzee, na umeze dawa zako. Nauli tutarudisha, na chakula kipo.

MZEE: Na nikisikia wakisema Kiingereza kirefu juu yangu?

SISTA: Nitakuwa hapo. Ukimaliza, daktari wako atakaa nawe akueleze.

MZEE: Nipe mpaka kesho niongee na mama watoto.

SISTA: Ni sawa kabisa, mzee. Ongeeni.

10. MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu kuna aliyewahi kuitwa kwenye mtihani wa madaktari, au kupimwa na wanafunzi wengi wodini? Alijisikiaje? (Asilazimishwe kusema.)
2. Kwa nini mzee katika igizo aliomba muda wa kufikiri? Je, hospitali zetu huwapa watu muda huo?
3. Wale wanaosema mgonjwa amsaidie kijana kwa kumtajia ugonjwa, wana hoja gani? Ninyi mnaonaje, na kwa sababu gani?
4. Yule mama aliyesikia neno "kansa" angesaidiwaje, na nani?
5. Mtu maskini sana anaweza kweli kujitolea kwa hiari akiahidiwa pesa? Mpaka uwe wapi?

KAZI YA KUFANYA

Chagueni watu wawili kutoka kikundi chenu waende kwenye hospitali iliyo karibu, waulize kama wagonjwa huitwa kwa ajili ya mafunzo na mitihani, na ni nani anayewatunza siku hiyo. Wapeleke nakala ya yale maswali tisa, waombe yabandikwe kliniki. Mkutano ujao watoe ripoti.

Madaktari watakaotutibu sisi na watoto wetu miaka ijayo wako kwenye mafunzo sasa hivi, na hawawezi kuiva bila sisi. Basi anayekubali kwenda na aende akiwa anajua anachokwenda kufanya. Na anayekataa, tumwache kwa amani.